Mayai ya Alfajiri

Asubuhi ile mtoa damu wa zahanati, mwanamke anayewachoma wagonjwa damu ya vipimo, alikuwa na ombi moja tu: mama mkwe wake apimwe, aonekane ana upungufu wa protini, aandikiwe unga wa lishe. Maana nyumbani bibi yule alikuwa hodari wa kusukumia wajukuu nyama yake. "Kuleni, mimi nimeshiba." Umeshiba nini, hewa? Lakini dawa ya daktari angeinywa, hiyo asingethubutu kuwagawia watoto.

Mashine ilikuwa ya kuazima. Inasoma asidi amino kwenye damu, yaani vile vijenzi vya protini, na kumtambua mwenye upungufu kabla mwili haujaanza kuporomoka. Sharti lake ni moja: usile tangu jana usiku, la sivyo chakula kitaidanganya.

Bibi akanyoosha mkono, mifupa mitupu.

"Umekula chochote, mama?"

"Sijatia kitu mdomoni, mwanangu."

Mtoa damu akainama kumfunga mpira, akanusa yai. Yai la kuchemsha, lajificha wapi! Nyuma yao foleni ya majirani, masikio wima. Amuumbue mama wa mumewe mbele za watu? Thubutu! Akachoma sindano.

Majibu yakaja: bibi buheri wa afya. Unga akapewa mwingine, mashine ikarudishwa ilikotoka.

Nyumbani bibi alicheka mpaka akakohoa. "Nilikula mawili alfajiri! Ulitaka waseme mke wa mwanangu ananishindisha njaa? Nimekusitiri."

"Ole wangu, mama! Umeniua!"

Alimwendea daktari, akamwomba kwa machozi ampime bibi tena. "Kwa mashine ipi?" daktari akauliza. "Na majibu yake si mazuri?" Aseme nini, kwamba alinusa yai akanyamaza? Alirudi nyumbani.

Baadaye miguu ya bibi ikavimba, mgongo ukatoka vidonda visivyopona. Daktari safari hii alitikisa kichwa tu. Sasa hata uji anautema, na mume kila siku swali ni lile lile: "Si ulimpima mwenyewe?"

Wageni wakija kumjulia hali, bibi huomba ainuliwe kitandani.

"Damu yangu ilipimwa," anawaambia, pumzi ikimkatika. "Nzuri kabisa. Mkwe wangu ananilisha. Muulizeni."

Wanamgeukia. Naye, kijiko cha uji mkononi, anaitikia, "Ndiyo. Ilikuwa nzuri."