Mwezi Ulioandama Tororo

Mbarak alikuwa mwandishi wa vibao mjini Busia, na kama waandishi wengi wa vibao alijiona anazijua herufi kuliko waliozibuni. Mlango wa kinyozi, ubavu wa lori, ukuta wa hoteli, kote kulikuwa na mkono wake. Kwa hiyo siku aliyonunua misumari ikafungwa kwa ukurasa wa gazeti la Kizungu, wenye picha ya ubao uliochongwa maandishi asiyoweza kuyasoma, alikosa raha mpaka akapata mtu wa kumfafanulia. Akaambiwa maandishi hayo yanaitwa Rongorongo, yametoka Kisiwa cha Pasaka, kule baharini mbali kabisa, na waliojua kuyasoma walikufa bila kuacha mwanafunzi.

Jambo hilo lilimuudhi kana kwamba wamefanya makusudi. Akayanakili kwa rangi nyeusi, akampelekea dada yake Maimuna, aliyeolewa Tororo ng'ambo ya mpaka, maana katika nyumba yao Maimuna ndiye aliyekuwa na kichwa. Baada ya majuma mawili jibu likaja.

"Kaka, tazama hivi vidude vilivyopinda. Ni miezi. Nimehesabu, ni kama thelathini, na katikati pana duara lenye mtu ameketi ndani. Huo ni mwezi mpevu. Hii ni kalenda."

Wataalamu nao walikuwa wamekwisha kulisema hilo, lakini Maimuna hakuwajua wataalamu. Alilifikia peke yake, jikoni, mtoto mgongoni. Mbarak alitembea na barua ile mfukoni mwezi mzima akiwaonyesha watu wasiojali.

Miaka mitatu waliandikiana juu ya ubao ule, na mara moja tu waligombana. Katikati ya miezi palikuwa na visamaki vidogo, vingine vimeinua kichwa, vingine vimekiinamisha. Maimuna alidhani vile ni maonyo: simama hapa, tazama juu, rekebisha hesabu, kwa kuwa mwezi wa angani mara huwa na siku ishirini na tisa, mara thelathini. Mbarak alimjibu kwa ukali wa kaka mkubwa. Vile ni mapambo tu, aliandika. Mwezi ukionekana jioni ya ishirini na tisa, anza mpya. Mawingu yakiufunika, kamilisha thelathini, kama tulivyofundishwa chuoni tuliposoma Kurani. Usiwatungie watu maneno. Maimuna hakubishana tena, na Mbarak akadhani ameshinda.

Ukaja mwaka wa sabini na saba. Mume wa Maimuna alichukuliwa na watu wa usalama wa serikali ya huko, ofisini kwake mchana kweupe, akatiwa kwenye buti la gari, asionekane tena. Barua zikawa zinafunguliwa. Mwanamke mmoja mchuuzi wa matoke, jina lake Alupo, ndiye aliyekuwa bado anavuka kwa kujuana na askari, naye akaleta maneno ya mdomo: nyumba ya Maimuna inalindwa na askari, anataka kutoka na watoto wake wawili. Mbarak akamwagiza amwambie aje pale mtoni Malaba anapovushia watu Oluka, saa saba mchana, doria ikienda kula. Oluka alificha mtumbwi wake kwenye mafunjo, wala hakuutoa ila kwa mtu aliyepatana naye. Siku aichague Maimuna mwenyewe, ailete kwa njia isiyosomeka.

Safari iliyofuata Alupo alitoa kofia chini ya mkungu wa ndizi.

"Wale askari waliishika, wakaigeuza-geuza," alisema akicheka kwa woga. "Mmoja hata akaivaa. Mimi nikaona leo nimekwisha!"

Ilikuwa kofia ya kushonwa kwa mkono, na kuizunguka palikuwa na miezi thelathini, katikati duara na mtu wake ameketi. Chini ya mwezi wa tisa walisimama watu watatu wa uzi mweusi, mmoja mkubwa na wawili wadogo. Mbarak aliangua kilio palepale mbele ya mchuuzi. Tarehe tisa ya mwezi utakaoandama. Dunia nzima ilikuwa imeshindwa na maandishi yale, na sasa yeye na dada yake walikuwa wakisemezana kwayo.

Jioni ya ishirini na tisa ya mwezi uliokuwa unaisha alisimama nyuma ya nyumba akitazama magharibi. Ilikuwa masika, na mvua ilikuwa imeziba mbingu kama gunia. Hakuona kitu. Akakamilisha thelathini, akampelekea Oluka neno la siku atakayokuja. Zamani mtu wa ng'ambo angekuja na baiskeli kuwaambia kama huko mwezi umeonekana, lakini mwaka ule nani angethubutu kuvuka kwa habari ya mwezi?

Mawingu hayakufunguka mpaka jioni ya siku ya sita kwa hesabu yake. Mkewe Kadija alikuwa anaanua nguo, akainua uso.

"Baba Zainabu, huo mwezi si wa sita. Angalia, ni nusu kabisa. Huo ni wa saba."

"Mwezi ukiwa na mawingu unakamilishwa. Hiyo ni kanuni."

"Kanuni sawa. Lakini si unauona? Wewe nenda siku moja kabla, ungoje huko."

"Ningoje mtoni siku nzima? Askari wa huku watasema ni mtu wa magendo. Nikishikwa, nani atamvusha?"

Sababu ilikuwa nzuri, na ndiyo iliyomponza. Lakini kwa kweli hakuogopa askari. Alikuwa amemwandikia Maimuna kwa mkono wake mwenyewe jinsi ya kuhesabu, na hakutaka mke wake amwambie vingine. Mwanamume mwenye kichwa kigumu hakosi sababu.

Siku ya tisa, ya kwake, aliondoka Busia alfajiri kwa baiskeli, akapita Adungosi njia ikiwa tope tupu, akafika kwa Oluka kabla ya adhuhuri. Oluka alimtazama kama mtu aliyeona mzimu.

"Mzee, ulikuwa wapi jana?"

Oluka hakumwongoza kwenye mtumbwi. Alimpeleka kwa Apolot, mama mmoja ambaye nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya ukingo, naye akasimulia huku mikono yake ikiendelea kumenya mihogo.

"Jana mimi nilikuwa hapo chini nalowesha mihogo. Nikaona mama na watoto wawili, ng'ambo ile. Anasimama tu, anaangalia huku. Anaangalia mpaka saa nane inafika. Oluka hayuko, alikuwa ameenda Angurai. Halafu tukasikia doria inarudi. Yule mama akabeba msichana, akaingia maji, akaleta mpaka kwa mikono yangu. Maji ilikuwa hapa." Aligusa shingo yake. "Nikamwambia, mama, bakia. Akasema, bado mmoja."

Alichukua muhogo mwingine. Mbarak alingoja amalizie, ingawa alikuwa amekwisha kuelewa.

"Akamfikia yule mdogo. Akamweka mgongoni. Katikati, maji ikawachukua."

Oluka alikuwa ametafuta tangu asubuhi mpaka kwenye daraja la reli, bila kupata hata nguo. Mbarak aliketi chini penye tope. Kumbe Tororo mwezi ulikuwa umeonekana ile jioni ya ishirini na tisa. Aliyaona maisha yake yote yaliyobaki, na katika yote alikuwa amechelewa siku moja.

Msichana alitoka ndani amevaa gauni la mtu mzima lililokunjwa kiunoni. Alikuwa na miaka sita, na paji la uso la Maimuna.

"Wewe ndiye mjomba?"

"Ndiye mimi, mwanangu."

"Mbona hukuja?"

Angeweza kumwambia habari ya mvua, au askari, au mpaka. Mtoto angeamini.

"Nilikosea kuhesabu," alisema.

Msichana alimkazia macho kwa muda, kama anayemtafuta mtu mwingine nyuma yake.

"Lakini mama alisema wewe ndiye uliyemfundisha kuhesabu."