Jeneza la Nesi Concepta

Fintan Tuohy alipoteza uwaziri, kisha ubunge, lakini mazishi hakuyaacha. Hapa Kilbrack mwanasiasa asiyezika hachaguliwi, na Fintan alizika hata watu asiowajua. Ijumaa chama kingeteua mgombea. Mimi, Dympna, niliyebandika mabango yake miaka yote, ndimi niliyetakiwa kumpendekeza.

Jumatano tukamzika Concepta Heneghan, nesi wa hospitali yetu, ambayo Fintan aliifunga alipokuwa waziri. Moyo ulimsimama ndani ya gari la wagonjwa, wakimkimbiza hospitali ya mbali, Castlebar. Na Fintan akaja, koti jeusi, na ule uso wake wa misibani.

Mume wa marehemu, Malachy, akampa mkono. "Waziri, tubebee. Shika pale mbele."

Kubeba jeneza ni heshima ya ndugu. Fintan akaninong'oneza, "Umeona? Wamenisamehe."

"Na hilo bega lako bovu?"

"Ah, Dympna, si watanipokea hapo mbele?"

Kweli, wabebaji hupokezana. Tulipofika kwenye lango la hospitali, bado limefungwa kwa mnyororo, tukasimama, maana marehemu husimamishwa mahali alipofanyia kazi. Wabebaji wenzake wote wakaguswa bega, wakapokewa. Fintan hakuguswa. Akageuza shingo kutafuta mtu. Wanaume walijaa barabara nzima, mikono mifukoni, wakimtazama tu.

"Twende, Waziri," Malachy akasema kwa upole. "Mwenzio alipelekwa mbali zaidi."

Mlima wa makaburini ni mkali. Wengine walipokewa tena na tena; yeye jasho lilimtiririka hadi mdomoni. Ningeweza kumtuma mwanamume yeyote akamsaidie. Sikumtuma mtu. Nilifurahi, na sioni haya kusema.

Baadaye, kwenye chai na sandwichi, alishindwa kuinua kikombe.

"Wameniachia njia nzima," akasema, macho yaking'aa. "Heshima gani hiyo, Dympna! Kiti kimerudi."

Hata pale hakumtaja Concepta.

"Kunywa chai," nikamwambia, nikamshikia kikombe.

Ijumaa, ukumbi umefurika, mwenyekiti akauliza nani anampendekeza Fintan Tuohy. Fintan akanigeukia akitabasamu, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Nilikuwa natafuna peremende. Nikaendelea kuitafuna.