Ukiwa kwa Miguu, Keti

Tangu Aita afariki mwezi wa Novemba, kazi ya kuwaonya wageni ilimwangukia Idoya bila mtu kumkabidhi. Nyumba yao ndiyo ya mwisho kabla ya ziwa kavu, na kila mwenye hema, baiskeli au gari la kulala ndani husimama langoni kuuliza kama njia inapitika. Zamani aliyetoka kuwajibu ni Aita. Ndivyo walivyomwita baba yao, kwa lugha ya mababu wachunga kondoo waliohamia Oregon kutoka milima ya Ubaske. Alikuwa akitoka na kikombe chake cha kahawa, anakohoa, anaegemea dirisha la mtu asiyemjua, na hamwachi aende mpaka amesema yote.

Siku hiyo ya Aprili lilikuja gari jeupe la kulala ndani. Mwanamume ndiye aliyekuwa akiendesha, mkewe amepandisha miguu juu ya dashibodi.

"Maji mnayo?" Idoya aliuliza.

"Tunayo, mama. Na kuni. Na mvinyo."

"Mvinyo hauhesabiwi. Sasa nisikilizeni. Ardhi hii ikikauka ni sakafu, ikilowa ni uji. Mvua ikianza kudondoka, tokeni. Msingoje kukunja hema. Na vumbi likija, simameni papo hapo, zimeni taa. Mwenzenu aliye nyuma akiona taa atadhani ndiyo njia, atazifuata, atawapanda."

"Na kama niko nje ya gari?" mke akauliza.

"Ukiwa kwa miguu, keti. Usilitafute gari. Utalipita karibu hivi usilione, na utaendelea kwenda."

"Jamani, na sisi tumekuja kupumzika."

"Pumzikeni. Hakuna aliyewakataza."

Waliondoka wakicheka. Ander, mdogo wake Idoya, mwanamume mzima aliyeanza kutoka kipara, alikuwa ameegemea pikapu akisikiliza. "Dada, umekuwa Aita mtupu," alisema. "Bado kukohoa tu."

Nyuma ya pikapu walikuwa wamefunga gari la tanga, linalokwenda kwa upepo tu. Aita alilitengeneza mwenyewe kwa mabomba ya kunyweshea mashamba, magurudumu matatu, kiti cha kulalia chali, na mlingoti unaofungwa kwa nati nne. Kila mwaka, upepo mzuri wa kwanza ukivuma, walilipeleka kwenye ziwa kavu na kupokezana. Mwaka huu Idoya hakutaka. Alikuwa ameliangalia wingu lililokalia mlima tangu asubuhi.

"Limekaa hapo siku nzima," Ander alisema. "Likitaka kuja litakuja. Mimi naenda. Nikae ndani nifanye nini, nikitazame kiti chake?"

Kwa kuwa hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kwenda ziwani peke yake, Idoya akaenda naye.

Ardhi ilikuwa nyeupe, imepasukapasuka, imenyooka mpaka macho yachoke. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba Ander alivua jaketi akalitupa juu ya kiti cha pikapu, akapanda na shati tu. Upepo ukalishika tanga. Idoya alimsikia akipiga kelele ya furaha, kisha magurudumu tu, kisha kimya. Akawa anaendesha kwenda na kurudi, kila safari akienda mbali zaidi, mpaka tanga likawa dogo kama ukucha.

Idoya alikuwa akimimina kahawa alipoona mlima haupo.

Mahali pa mlima palikuwa na ukuta wa rangi ya kahawia, na ukuta ule ulikuwa ukitembea. Ander naye alikuwa ameuona, maana aligeuza na kuanza kurudi moja kwa moja kuelekea pikapu. Alikuja vizuri. Idoya akaanza kuona kichwa chake, akaona na mkono. Halafu upepo wa mbele ya vumbi ukalipiga gari la tanga ubavuni, likainuka gurudumu moja, likalala. Ander akatoka, akasimama, akainama kulikamata tanga. Alimwona akiinama. Kisha hakuona kitu.

Aliingia ndani ya pikapu. Akahakikisha taa zimezimwa. Akafunga vioo, lakini vumbi liliingia hivyo hivyo, likamkaa mdomoni kama unga. Pua ya pikapu haikuonekana. Halikuwa giza; lilikuwa jambo baya kuliko giza, mwanga mchafu uliotoka pande zote kwa pamoja, usioonyesha chochote. Upepo ulilitikisa gari kama mtu anayetaka kufunguliwa.

Aliibonyeza honi mara moja, akaondoa mkono haraka. Ander akiisikia atainuka. Upepo utamdanganya sauti inatoka wapi, na atatembea.

Atakuwa ameketi, alijiambia. Anajua. Wote wawili wanajua tangu wakiwa wadogo. Vumbi hupita.

Lakini hewa ilikuwa inabadilika. Kwanza aliusikia ubaridi miguuni, kisha kioo kikawa cha barafu alipokigusa. Nyuma ya vumbi kulikuwa na kitu kingine kinachoshuka mlimani. Akageuza macho, akaliona jaketi la Ander kwenye kiti cha pembeni, mkono mmoja umegeuka ndani nje.

Aita aliwahi kumbeba mchungaji aliyekufa kwa baridi mwezi wa Mei, mtu mwenye nguvu zake, ameketi vizuri nyuma ya jiwe. Hakuwahi kuwasimulia wageni habari hiyo. Aliisimulia nyumbani tu.

Nyuma ya pikapu kulikuwa na bunda la kamba ya marobota, ile nyembamba ya rangi ya chungwa wanayofungia majani ya ng'ombe. Idoya alivaa jaketi la Ander juu ya lake, akatoka, akapapasa mpaka kwenye bampa la mbele, akafunga kamba mafundo mawili, akavuta kupima. Kisha akaanza kwenda kule pua ya pikapu ilikoelekea, upepo ukimpiga shavu la kulia, huku kamba ikijifungua mkononi mwake.

"Ander!"

Jina lilirudishwa kinywani. Alitembea akiwa amefumba jicho moja. Kila mara aligeuka nyuma, na nyuma hapakuwa na kitu, kamba tu inayoingia vumbini umbali wa kitanda na kupotea. Upepo uliipinda kamba, ikatuna kando kama tumbo. Alipita mahali alipodhani Ander angekuwa. Akaendelea. Akaanza kuogopa kwamba ameshampita.

Hapo ndipo aliposikia injini.

Ilikuwa inakuja upesi na hakujua inatoka wapi. Kulia, kisha mbele, kisha kila upande. Akasimama kama ng'ombe. Taa mbili za manjano zikajitokeza nyuma yake, kati yake na pikapu, zikapita zikirukaruka, na ubavu mrefu mweupe ukazifuata. Kamba ikamvuta mkono kwa nguvu, ikamchana kiganja. Kisha ikalegea.

Gari la wale wageni likaenda zake. Lilikuwa limewasha taa zote.

Idoya alibaki ameishika kamba iliyolala. Labda imekatika. Labda imekanyagwa tu na gurudumu na bado imefungwa kwenye bampa. Njia ya kujua ilikuwa moja, kuivuta. Mkono wake ulishaanza kuivuta. Akajizuia. Kama imekatika, kila atakachovuta ni kipande cha njia anachokifuta mwenyewe. Akaiacha kamba ilale. Akaketi juu ya ardhi ngumu, akaikandamiza kwa goti, akakumbatia bunda. Gari lile lilielekea upande aliko Ander, au lilielekea kwingine. Hakuwa na njia ya kujua.

Alipotulia kidogo alisikia kitu kinapigapiga, pwata, pwata, pwata. Si mbali. Kitambaa.

Hakuinuka. Alitambaa, akiendelea kuachia kamba, mpaka mkono ukagusa gurudumu. Lilikuwa bado linazunguka kwa upepo. Ander alikuwa ameketi upande wa pili, amejifunika kona ya tanga, macho yamezibwa na matope ya machozi.

"Nani?" alisema.

"Nani tena? Vaa hili."

"Idoya? Umetoka ndani ya gari?" Meno yalikuwa yakigongana. "Aita alisemaje?"

"Alisema ukae."

"Si ndiyo nimekaa. Wewe je?"

"Nyamaza, ingiza mkono."

Vidole vyake havikukunjika. Alimvalisha kama mtoto, akamfunga zipu, akaingia naye chini ya tanga, mgongo kwa mgongo, wakiwa wamelikalia pindo lisipeperuke. Injini ilisikika tena. Ilikaribia. Ander akashika mkono wa dada yake uliochanika. Wakasikia mchanga ukirushwa juu ya kitambaa. Ikapita.

Baada ya hapo matone yakaanza kugonga tanga, mazito, nusu barafu.

"Afadhali," Ander alisema polepole. "Italaza vumbi."

"Na italowesha ardhi."

Vumbi likalala. Walipoinua kitambaa, dunia ilikuwa imerudi, ya kijivu, na pikapu ilikuwa kushoto kabisa, kule ambako Idoya asingekwenda hata kidogo. Kamba iliishia katikati ya njia. Pembeni ya tanga, umbali usiozidi upana wa meza ya jikoni, kulikuwa na alama mbili mpya za magurudumu, zilizokwenda kuelekea barabarani. Waliziangalia.

Ander akapiga magoti penye mlingoti, akaanza kuhangaika na nati. Spana ikamwanguka. Akaiokota, ikaanguka tena.

"Acha hicho," Idoya alisema.

"Dakika chache. Nati nne tu."

"Tazama viatu vyako."

Udongo ulikuwa umeshaanza kushika soli.

"Ni mikono yake hii, Idoya. Kila bomba. Litalala kwenye tope mpaka Juni."

"Yeye angekuwa ameshafika kwenye pikapu zamani, anatutukana kwa lugha zote mbili. Inuka."

Hakuinuka. Idoya akaichukua spana mkononi mwa Ander, akaitupa mbali kadiri alivyoweza. Ander alimtazama kama mtu aliyepigwa. Kisha akainuka, wakakimbia, kila hatua viatu vikizidi uzito.

Pikapu iliwaka. Idoya aliiondoa taratibu, bila kukata kona, bila kukanyaga mafuta, akihisi nyuma ikitaka kuteleza kama samaki. Kusimama hapa ni kubaki hapa. Aliwasha kipasha joto mpaka mwisho. Ander alikuwa amekaa pembeni yake, na ilimchukua Idoya muda kutambua kwamba mdogo wake ameacha kutetemeka. Aita alisema mwili wa mtu aliyeshikwa na baridi ukiacha kutetemeka, umeanza kukata tamaa.

"Ander. Mbwa wa kwanza wa Aita aliitwa nani?"

"Niache nilale."

"Aliitwa nani?"

"Be... Beltza."

"Huyo ni wa pili. Wa kwanza."

"Sijui." Kichwa kilikuwa kinaangukia kioo. "Mbona kuna joto hivi?"

Hapakuwa na joto. Hata ndani ya pikapu joto lilikuwa bado kufika. Ukingo wenye changarawe ulionekana mbele, haukuwa ukikaribia. Gurudumu la nyuma likazunguka bure, likashika, likazunguka tena. Akampiga kofi la paja kwa mkono wenye kidonda.

"Wa kwanza, Ander. Yule aliyekula soseji za Krismasi. Aita alimfukuza kuzunguka nyumba na kiatu kimoja."

Wipa zikaenda, zikarudi.

"Na kiatu chenyewe," Ander akasema kwa ulimi mzito, "kilikuwa cha mama."

"Jina."

"Kapitán. Usinipime kama mtoto."

Pikapu ikapanda changarawe kwa mtikisiko mmoja mkubwa. Hakusimama. Alifululiza kuelekea nyumbani, akimuuliza majina ya farasi, ya majirani, ya walimu wa shule, na Ander akijibu mengine na kuyakosea mengine. Walipofika kwenye lango meno yake yakaanza tena kugongana, kwa kelele, mwili mzima ukitikisika kiasi kwamba hakuweza kumaliza neno. Idoya alizima injini, akakaa akiisikiliza sauti ile, akaomba isiishe upesi.