Mkutano Uliokosa Amina

Siku ya salongo Emérence alifika chemchemini na jembe begani, akakuta ukuta. Ulikuwa wa matofali ya kuchoma, umempita mtu kimo, juu umepandwa vipande vya chupa, na mbele una geti la bati la buluu. Juma lililotangulia pale palikuwa na njia ya miguu na akina mama waliojipanga na bidoni zao za maji.

"Papa Zorobabel ameshanunua," alisema maçon, mwashi aliyekuwa juu ya ngazi, bila ubaya wowote, huku akifuta mwiko kwenye suruali. "Muulize ku bureau."

Chemchemi ile haikuwa na mwenyewe. Kila nyumba ya mtaa ilitoa mtu mmoja siku ya salongo, akaja kufyeka nyasi na kuzibua mfereji, na kwa kazi hiyo wote wakanywa. Emérence ndiye aliyekuwa présidente wa kamati ya vijana. Alikuwa mtu asiyejua kutulia, hata kanisani alisimama nyuma karibu na mlango, misa nzima akibadilisha mguu. Alilitupa jembe pale pale, akaenda bureau, na vijana wenzake wakamfuata na majembe yao.

Chef wa mtaa, Papa Syauswa, aliwapokea vizuri. Hakuwahi kumfukuza mtu maisha yake yote. Alisema jambo hili ni zito, haliwezi kuamuliwa na wakubwa peke yao, linataka vijana na viongozi wakae pamoja kama baba na watoto. Akamwita Monsieur Tshibangu wa huduma ya ardhi, Mkasai mpole mwenye viatu vilivyong'aa, ambaye ndiye aliyeipima ile parcelle, kiwanja cha chemchemi. Emérence alitaka wakutane hapo hapo ukutani. Tshibangu akatazama matope, akatazama viatu vyake, na mkutano ukafanyika ukumbini.

Ulifunguliwa kwa sala, kama mikutano yote ya Butembo. Na kama yote, ulitakiwa kufungwa kwa sala, kwani mkutano uliofunguliwa kwa Mungu ukaachwa bila amina haujaisha, umelala tu. Lakini siku ile watu walikasirikiana mno.

"Nani alikutuma kupima kisima ya batu?" Emérence aliuliza.

"Mademoiselle, mimi ninapimaka tu. Siuzishake."

"Na mwenye aliuzisha?"

Papa Syauswa alikohoa. Tshibangu akasema mvua inakuja na barabara ni mbaya. "On suspend, tutaendelea siku ingine," akasema, akakusanya makaratasi yake. Kila mtu akatoka na hasira zake, mlango ukabamizwa, na hakuna aliyekumbuka kusali.

Kesho yake asubuhi maji yalikuwa yakitoka ukumbini, katikati ya viti. Saruji ilikuwa imefunguka upana wa sahani, na maji yalipanda pale taratibu, baridi, maangavu, yakatafuta njia yake mpaka mlangoni. Mama yake Emérence, Mama Jokébed, alikuja, akateka kwa kiganja, akaonja. Yalikuwa na ile ladha ya chuma kidogo.

"Ni ya kwetu," alisema, akarudi nyumbani kuchukua bidoni.

Nyuma ya ukuta chemchemi ilikuwa imekauka kabisa. Maçon aliwathibitishia, akasema amekanyaga pale na viatu vya kanisani.

Kwa kuwa mkutano haukuwa umeisha, Papa Syauswa aliwaita waendelee. Akina mama waliingia kwa mlango wa kushoto na bidoni tupu, wakatokea mlango wa kulia na bidoni zimejaa. Tshibangu alipandisha miguu juu ya ubao wa kiti chake, akasoma ordre du jour, orodha ya mambo ya kuzungumzwa. Maji hayakuwemo katika ordre du jour, basi hayakuzungumzwa.

Jioni yake Muyisa, makamu wa Emérence, alinyanyua mkono kwa mazoea na kuanza sala ya kufunga. Alipokaribia amina, maji yalishuka kama uji uliotolewa motoni. Mama mmoja aliyekuwa ameinamia shimo akapiga kelele. Muyisa akafumba mdomo, maji yakapanda tena, na toka siku hiyo hakuna aliyefunga mkutano. Ikifika saa ya kwenda nyumbani Tshibangu husema on suspend, na watu huenda.

Mambo yakawa mazuri, au ndivyo yalivyosemwa. Wageni wakatoka Beni kuja kujifunza namna vijana wa Butembo wanavyoelewana na wakubwa wao, wakapigwa picha na bidoni. Watu wa kijiji kimoja cha upande wa Kalunguta nao wakajaribu, kwa ajili ya njia yao ya malisho iliyozibwa, ila walifanya kosa la kukubaliana siku ya kwanza. Hawakupata hata tone ukumbini. Walipata njia yao tu. Mtaani watu waliwahurumia.

Emérence ndiye aliyekosa raha. Alikaa mkutanoni, akainuka, akaenda dirishani, akarudi. Alijua kwamba ufunguo wa ukumbi unalala mfukoni mwa Papa Syauswa, kwamba Jumapili hakuna maji, na kwamba aliyemsema chef vibaya hukuta bidoni yake imerudishwa mwisho wa mstari, hakuna ajuaye na nani. Zaidi ya hayo, dirishani ukuta ulionekana. Zamani hakuna ambaye angeweza kujenga pale, mashimo ya msingi yangejaa maji kabla ya kuyamaliza. Sasa palikuwa pakavu, na Zorobabel alikuwa akipandisha depo ya bidhaa zake.

"Hamuone?" aliwaambia wenzake. "Kila siku tunasema hapa, yeye anaongeza tofali kule! Tunamusaidia!"

"Mais, dada Emérence," Muyisa alisema, "mayi iko natoka."

Wapi! Usiku hakulala, akageuka huku na huku mpaka mama yake akamuuliza kama ana kunguni. Asubuhi alikuwa ameamua. Aliingia ukumbini, akasimama mbele ya meza, akataka jambo moja tu: ukuta uvunjwe, chemchemi irudie watu, na waseme ndiyo au hapana leo leo.

Alikuwa amejitayarisha kwa ugomvi. Papa Syauswa akatabasamu.

"Mutoto wangu, nani alikatala? Sisi hatukatale. Uvunjwe."

"Uvunjwe," alisema Tshibangu, akaandika. "Donc tumemaliza. Mademoiselle, utufungie na sala."

Watu walipiga makofi. Muyisa alimkumbatia kijana wa jirani. Emérence alihisi machozi yanamjia, akayameza, akapeleka mkono kwenye paji la uso.

"Kwa jina la Baba," alianza.

Maji yakashuka. Yalibaki uzi mwembamba, na bidoni iliyokuwa chini yake ilianza kulia kwa matone. Mstari mzima wa akina mama ukasimama ukimtazama. Aliyekuwa ameshika bidoni ile ni Mama Jokébed.

"Emérence," alisema mama yake. "Ukifunga, mayi inarudia kwa Zorobabel."

"Lakini ukuta itavunjwa, mama. Bamekubali. Umesikia."

"Nimesikia. Nani ataivunja?"

Emérence akamtazama Papa Syauswa. Papa Syauswa akamtazama Tshibangu. Tshibangu akageuza kalamu mkononi, akasema kwa upole kwamba kukubali ni jambo moja na kutekeleza ni jambo lingine, na la kutekeleza litakuwa na mkutano wake, tarehe itatangazwa.

"Na mpaka ile tarehe, mayi itatoka wapi?" Emérence aliuliza.

"Ile haiko ndani ya ordre du jour," alisema Tshibangu, na kweli haikuwemo.

Emérence alikasirika. Alimkasirikia mama yake kwanza, kwa kuuliza swali ambalo yeye mwenyewe hakutaka kuliuliza, kisha akajikasirikia mwenyewe, akatamani kuchukua kiti na kukivunja mezani. Mkono wake ulikuwa bado kwenye paji la uso. Mama yake hakumkaripia wala kumsihi. Alisubiri tu, bidoni nusu, kama anayesubiri zamu. Nyuma yake kulikuwa na wajawazito, na bibi mmoja aliyetoka na fimbo toka upande wa Mususa.

Emérence alishusha mkono. Akakaa. Maji yakapanda, bidoni ikaacha kulia, na mstari ukasogea.

"Donc, tunaendelea," alisema Papa Syauswa kwa furaha, akamwomba Tshibangu afute lile la ukuta, lisije likawachanganya watu.

Baadaye kidogo maçon wa Zorobabel aliingia na toroli lililojaa bidoni. Akina mama wakanung'unika. Yeye pia? Achote hapa, akajengee kule? Wakamgeukia présidente aamue. Toka siku ya kwanza amekuwa akipiga kelele neno moja tu katika ukumbi huu, na kila mtu alikuwa akilijua kwa moyo.

"Mayi iko ya batu bote," alisema. "Muache ajipange."

Maçon alijipanga. Zamu yake ilipofika, bidoni zake zilikuwa kubwa na nzito, na alikuwa peke yake.

"Dada, nisaidie kukamata," alisema.

Emérence akainama, akashika mdomo wa bidoni mpaka ikajaa, akashika na ya pili.

"Wasingya, aksanti," alisema maçon. Akaeleza kwamba leo wanamwaga dali, sakafu ya zege, pale pale jicho la kisima lilipokuwa, na dali inakunywa maji sana, itabidi arudi mara nyingine.

"Rudia haraka," alisema Emérence. "Banafungaka saa kumi."