Makofi Langoni kwa Eliudi

Asubuhi moja ya Januari, Bibi Anastazia alikuwa kibarazani kwa mwanawe Eliudi, pale Tunduma, akichambua maharage ya mchana. Malori ya kwenda Zambia yalikuwa yameshapanga foleni barabarani. Mikono miwili iliingia kwa lango. Haikuwa na mtu nyuma yake. Ilipita kando ya kamba ya nguo, ikafika pale anaposimama mgeni mwenye adabu, ikashuka chini kama mtu aliyechuchumaa, ikapiga makofi. Pwo, pwo. Kisha ikangoja.

Bibi aliitambua. Ilikuwa ile ile aliyoonyeshwa na mkwewe Fausta kwenye simu mwezi uliopita, myeupe kama ya mzungu aliyetoka kuoga. Kwenye simu ilikuwa midogo kama punje ya mahindi. Sasa ilikuwa na ukubwa wa mikono ya mtu mzima.

"Karibuni," aliiambia, kwa kuwa si vizuri kumwacha mgeni bila neno. Lakini mikono haikuwa imekuja kwake. Iliendelea kungoja.

Ilitoka kwenye grupu la WhatsApp liitwalo Sauti ya Mtaa. Grupu hilo lilianzishwa ili watu wapashane habari za misiba, na za bomba la upande gani limetoa maji. Ulipokaribia uchaguzi wa serikali za mitaa, Desemba, hakuna aliyeuliza tena habari za maji. Eliudi aligombea uenyekiti wa mtaa kwa chama chake akashindwa. Fanuel, mdogo wake, muuza mchele wa Kamsamba, alikuwa wa chama kilichoshinda. Fanuel alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake Bibi Anastazia. Alikuja nyumbani hajaota meno, akalelewa na Bibi, akala sahani moja na Eliudi mpaka walipooa. Jioni ya matokeo alituma kwenye grupu picha ya mikono inayopiga makofi. Hakuandika neno.

Kwa Wanamwanga, mdogo akimkuta mkubwa wake, na hasa mkubwa aliyepatwa na jambo, huchuchumaa akapiga makofi, na mkubwa humwitikia kwa makofi yake. Asipoitikiwa hainuki. Lakini hata anayezomewa hupigiwa makofi, na picha haina sauti. Eliudi aliitazama, akaandika: "Asante kwa kunishangilia, mheshimiwa. Endeleeni na sherehe."

Wengine wakaingilia. Mtu wa Ihanda alikumbusha uchaguzi wa mwaka tisini na tano, na nani alimwagia nani togwa mkutanoni. Mwingine akakumbusha mpaka wa shamba. Damiano, admini, alimtoa Fanuel, akamrudisha, akamtoa, akamrudisha tena. Watu walimfuata Fanuel dukani wakamwambia ajieleze yaishe.

"Nimemwamkia kaka yangu," alisema, akiendelea kupima mchele. "Salamu nayo ina maelezo?"

Mambo ya grupu lile yalikuwa na tabia ya kuja yenyewe yakikosa jibu. Kwa Mama Ipyana, jirani, uso wa kucheka uliotumwa na shemeji yake ulikuwa ndani ya tangi la maji tangu Krismasi. Walikuwa wakiusukuma pembeni kwa kata, wanachota. Kwa hiyo Eliudi alipotoka nje, mswaki mdomoni, hakushtuka.

"Imenifuata kunicheka mpaka nyumbani," alisema.

"Sikiliza mlio wake, baba," mama yake alimwambia. "Makofi ya kushangilia ni ya viganja bapa, yanalia pa, pa. Hii imepinda kama ya mtu anayeteka maji ya kunywa. Fanuel nilimfundisha mwenyewe, hapa hapa. Akikosea namrudisha langoni aanze upya."

"Na mbona ya kizungu?"

"Kwenye simu hakuna mingine," Fausta alijibu kutoka jikoni.

Eliudi alitema povu. "Aombe radhi kwenye grupu, walikoona watu wote. Akiomba, nitaitikia." Akaizunguka mikono, akaenda dukani kwake kuuza vipuri.

Mikono ilibaki. Mvua ikianza iliwahi kuanua nguo. Ilipukuchua mahindi, ilimshika Bibi kiwiko kwenye ngazi yenye utelezi, na kuku akitaga nje ya kiota ililileta yai bila kulivunja. Fausta alisema hajawahi kukaa na mgeni mwenye faida kama huyo. Lakini Eliudi akitokea tu, iliacha kila kitu, ikashuka chini, ikapiga. Pwo, pwo. Eliudi aliizunguka. Haikumfuata, haikumshika shati. Bibi Anastazia aliipenda kwa hilo. Iliamkia kama watu walioleleka, ikangoja bila kujipendekeza.

Mwezi Juni, Blessing, binti wa Fanuel, alipata mchumba wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Washenga wakatuma habari kwamba wanakuja Jumamosi. Washenga huchuchumaa langoni wakapiga makofi, na anayewaitikia ni baba mkubwa wa msichana. Baba mzazi akiitikia huonekana ana haraka ya kumtoa mtoto. Wasipoitikiwa na anayestahili, huinuka wakarudi kwao, na posa imekwisha.

Bibi Anastazia alimngoja Eliudi amalize kula.

"Jumamosi ni siku ya Blessing," alisema.

"Najua."

"Mtoto huyu alijifunza kutembea akishika suruali yako."

"Najua, mama. Na baba yake alinishangilia mbele ya watu wote, mpaka walioko Dar es Salaam. Nami nina heshima yangu."

"Basi una heshima nyingi, mwanangu. Wagawie kidogo na wengine."

Fausta alicheka, akajifanya anakohoa. Eliudi hakucheka.

Jumamosi Bibi alivaa kitenge chake kipya, akapanda bodaboda. Mikono ilikaa nyuma yake, ikashika chuma cha kiti. Dereva alisema huyo ni abiria wa pili, kisha akaghairi, kwa kuwa hakuwa na uzito.

Walipofika, washenga walikuwa wamechuchumaa langoni kwa Fanuel, mashati yamepigwa pasi, wakipiga makofi. Kiti cha baba mkubwa kilikuwa kitupu. Fanuel alikaa pembeni, viganja juu ya magoti, akitazama barabara. Hakupiga simu wala hakumtuma mtu. Ndani, Blessing alisimama nyuma ya pazia na vidole vya miguu vikaonekana chini yake. Mshenga mkuu, Mzee Abrahamu, alikuwa na goti bovu. Mguu ulimtetemeka, na kijana aliyekuwa jirani yake akamsogezea bega aegemee, bila kumtazama, ili asimwaibishe.

Mikono ilishuka kwenye pikipiki. Ilikwenda kwenye kiti kitupu, ikakaa, ikaitikia. Pwo, pwo.

Hakuna aliyeinuka.

"Mukwai, wazee wangu, hii mikono ni ya nani?" Mzee Abrahamu aliuliza.

"Niliituma mimi," Fanuel alisema.

"Basi ameitikia baba mzazi. Haifai."

"Aliituma yeye," Bibi Anastazia alisema. "Lakini ilifika kwa Eliudi, inakaa kwa Eliudi, inafanya kazi kwa Eliudi. Salamu ikishafika si ya aliyeituma tena. Ni ya aliyetumiwa."

Mzee Abrahamu alilifikiria jambo hilo, na goti lake likamsaidia kufikiri.

"Tumeitikiwa," alisema, akainuliwa.

Wanawake walipiga vigelegele. Blessing alitoka, kichwa juu, na Bibi akaona kwamba Fanuel naye ameinua kichwa, na kwamba shingo ile ni ya marehemu mdogo wake.

Kabla wali haujaiva, Eliudi aliandika kwenye grupu: "Mikono yangu imetumika bila idhini yangu." Fausta, aliyekuja mapema kusaidia kupika, alimsomea mkwewe.

"Rudia hapo kwenye 'yangu'," Bibi alisema.

Fausta akarudia.

Grupu likagawanyika tena. Waliosema posa ni halali walikuwa wa chama kimoja, na waliosema ni batili walikuwa wa kingine, na Oktoba kulikuwa na uchaguzi mkuu. Damiano alimtoa Fanuel kabla hajamaliza kuwanawisha wageni wake.

Kesho yake mikono ilikuwa langoni kwa Eliudi, mahali pake. Upepo wa Juni ulikuwa mkavu na ngozi ilikuwa imepasuka kwenye vifundo. Eliudi alitoka akiwa na koti la kanisani. Ikashuka, ikapiga. Aliizunguka, ila safari hii alipita mbali kidogo, asiikanyage.

Bibi Anastazia alileta mafuta ya mgando, akakaa chini, akaanza kuipaka, kidole kwa kidole.

"Mama, tutachelewa ibada," Eliudi aliita kutoka barabarani. "Unampaka nani huyo?"

"Mdogo wako," alisema. "Geuza na huku, baba." Na mikono ikageuka.