Randa ya Boksi

"Sukuma, shemeji, sukuma! Watu wanaangalia!"

Fundi alisukuma. Randa ilikuwa mpya, inang'aa kama sufuria isiyowahi kuona moto, lakini ilikwenda shubiri moja tu juu ya mbao, ikakwama, ikaruka, ikang'oa kibanzi na kuacha shimo ambalo hata mtu wa safu ya nyuma aliliona. Bwana mmoja mwenye kofia akacheka kwa pua, akamvuta mwenzake mkono, wakahamia banda la misumeno.

"Na hapo, mabibi na mabwana, ndiyo kwanza imetoka kwenye boksi!" shemeji alipiga kelele kwenye kipaza sauti, utadhani hiyo ni sifa.

Shemeji huyu, ndugu mdogo wa mke wa fundi, mdomo wake ungeweza kumuuzia samaki maji. Yeye ndiye aliyemtafutia fundi nafasi hii. Kampuni ya vifaa ilikuwa inaleta randa mpya za mkono kwenye maonyesho ya useremala, siku mbili, ikataka fundi wa kuzionyesha mbele ya watu. Akifanya vizuri ataajiriwa moja kwa moja, azunguke nao mji kwa mji na kufundisha kwenye vyuo vya ufundi. Barua ya kazi ilikwisha chapwa. Shemeji aliiona kwa macho yake, imebaki sahihi ya meneja tu.

Na fundi aliitaka barua ile, jamani, aliitaka mpaka ikamkosesha usingizi. Miaka ishirini na sita alipiga randa kwenye karakana moja ya samani, mpaka mwenye karakana alipoleta mashine inayomeza mbao ikiwa gome tupu na kuitapika ikiwa laini. Tangu hapo, miezi minane, alikuwa mtu wa nyumbani. Alitengeneza miguu ya viti vya majirani. Alianza kutoa maoni kuhusu namna vitunguu vinavyokatwa. Siku moja mkewe aliweka kisu chini akamwambia, "Mume wangu, nakupenda, lakini jikoni kwangu utoke."

Sasa yuko hapa, jasho linamtoka, anachana mbao nzuri mbele ya mafundi wenzake.

"Shemeji," alinong'ona, "hiki kisu hakijanolewa."

"Ni kipya!"

"Ndiyo maana. Kisu cha randa kinatoka kiwandani kimechongwa tu. Ni kama mtoto mchanga, mdomo upo, meno bado. Nipe nusu saa na jiwe langu."

Shemeji alifunika kipaza sauti kwa kiganja, akatazama kushoto na kulia kama mwizi. Meneja alikuwa amekwisha kusikia. Alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, nadhifu, mpole, asiyepandisha sauti hata kidogo, na watu wa namna hiyo ndio wagumu kubishana nao.

"Mzee, watu wakikuona unanoa watasema bidhaa ni butu. Sisi tunauza urahisi. Unafungua boksi, unafanya kazi."

"Hata panga jipya hunolewa, binti yangu."

"Mimi ni meneja hapa, mzee. Si binti yako."

Fundi akarudi mezani. Asubuhi nzima alisukuma ile randa butu, mabega yakamwaka moto, na kila iliporuka alisikia mtu akiguna. Kilichomuuma si kuchekwa. Ni kuchekwa na watu wanaojua kazi, wanaoitazama mbao kisha wanamtazama yeye usoni, kuona ni fundi wa wapi huyu.

Wenzake walipokwenda kula, alijipenyeza nyuma ya pazia la banda, akageuza kreti, akaketi. Mfukoni mwa begi mlikuwa na jiwe lake la kunolea, limeliwa katikati kwa miaka, na chupa ya maji. Alifungua randa, akatoa kisu, akakilowesha. Kwanza mgongo, mpaka ulale sawasawa kwenye jiwe. Halafu upande wa makali, polepole, viwiko vimebana mbavu, mpaka kidole gumba kiguse ukwaruzo wa chuma, mwembamba kama uzi, uliojikunja upande wa pili. Akageuza, akauondoa. Akanyoa vinyweleo viwili vitatu vya mkono wake, vikadondoka. Alirudisha kisu ndani, akakiacha kichungulie kiasi cha unywele. Kwa mara ya kwanza siku ile alipumua.

Alasiri randa ilibadili sauti. Badala ya kukohoa ilitoa "shiii" moja ndefu, toka mwanzo wa mbao hadi mwisho, na ganda la mbao likapanda juu ya kisu kama utepe, jembamba, linaonyesha vidole vya mtu upande wa pili. Fundi alimpa utepe ule mama mmoja aliyesimama mbele. Mikono ya mama huyo ilikuwa na gundi kavu kwenye kucha. Alijitambulisha kuwa ni fundi wa milango.

Mama aliuinua utepe kwenye mwanga. "Wewe! Hebu niijaribu."

Akajaribu. Shiii. Watu wakasogea. Yule bwana mwenye kofia akarudi.

"Nataka hii hii," mama alisema. "Siyo ya kwenye boksi. Hii." Kisha akainama, akauliza kwa sauti ya chini, "Umeinoa, eti?"

Meneja alikuwa hatua tatu kutoka pale, anatabasamu, mikono kifuani. Ile barua ilipita mbele ya macho ya fundi, na mkewe pia, na jiko, na vitunguu.

"Ndivyo inavyotoka," fundi akasema.

Mama alimrudishia utepe. Akalipia, akaondoka na randa yake.

Hakuwa na nafasi ya kuujutia uongo ule, maana watu walikuwa wanapanga foleni na kila mmoja anataka ile iliyo mezani. Ikinunuliwa moja, fundi anaomba radhi, anashika tumbo, anaingia nyuma ya pazia na boksi jipya kwapani. Maji, mgongo, makali, mkono. Anatoka. Shiii. Mara ya nne, meneja alimuuliza shemeji kama mzee amekula kitu kibaya. Shemeji, aliyekwisha kuchungulia pazia akaona kila kitu, alijibu kwamba ni tumbo, lina matatizo tangu zamani.

Randa saba ziliondoka mezani kwa njia hiyo. Jioni karibu na kufunga, meneja alimleta kijana wa kamera, akamwelekeza kwa kidole: "Mikono tu. Sura achana nayo, inavuta macho ya watu." Fundi akapiga randa mara kumi mfululizo kwa ajili ya kamera, kwa uhodari wote aliokuwa nao, hata mbao ikaona raha.

"Tumbo lako limetuokoa, shemeji," shemeji alimnong'oneza njiani. "Barua hiyo ni yako. Kalale."

Asubuhi ya pili alifika na shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na kizibao cha kampuni juu yake. Mkewe alikwisha wasimulia majirani wote. Kwenye banda aliikuta meza imesogezwa pembeni, na mahali pake imesimama runinga kubwa kama mlango. Ndani ya runinga mikono yake ilikuwa inapiga randa. Utepe ukapanda, ukaanguka, picha ikaanza upya.

"Mzee, karibu," meneja alisema. "Jana ilikuwa nzuri mno. Nimejifunza kitu. Hizi randa hazihitaji mtu wa kuzisemea. Wahenga walisema, chema chajiuza."

"Mimi nilizinoa," fundi akasema.

"Samahani?"

"Zote saba. Nyuma ya pazia. Haikukata hata moja mpaka nilipoinoa."

Meneja alicheka kidogo, bila ubaya. "Mzee, si tumeambiwa ulikuwa unaumwa tumbo?"

"Fungua boksi lolote. Hilo hapo. Lete mbao, tujaribu sasa hivi!"

"Tusianze mambo hayo mbele ya wateja, tafadhali. Kizibao cha kampuni utamwachia shemeji yako. Na asante sana, kwa kweli."

Akageuka kumlaki mteja. Fundi akamgeukia shemeji, ambaye ghafla viatu vyake vilikuwa vimempendeza mno.

"Sema basi. Ulichungulia, uliniona."

"Shemeji, ningesema nini? Kwamba jana nilimdanganya? Nina watoto, mimi."

"Na mimi nina nini? Kuku?"

"Ungenoa mbele ya watu, shemeji. Ulijificha mwenyewe."

Neno hilo lilimpiga fundi mahali pabaya, kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu lilitoka kwenye mdomo ule. Alitamani kumzaba kofi. Alitamani zaidi kujizaba mwenyewe. Alivua kizibao, akakikunja, akakiweka juu ya maboksi. Akatoka bandani kwa mbele, kama mteja.

Hakufika mbali. Watu walikuwa wamejaa mbele ya runinga, wakambana katikati yao.

"Mikono ile ina akili," mtu alisema.

"Ni randa, bwana. Siyo mikono."

"Hapo mwanzo anabonyeza mbele au nyuma?" kijana mmoja alimuuliza shemeji. "Mimi yangu inazama mwishoni."

"Inajiendesha yenyewe!" shemeji akajibu kwenye kipaza sauti. Hakutazama upande aliokuwa shemeji yake.

Mbele, ukianza. Nyuma, ukimaliza. Kila mwanafunzi hufundishwa hivyo wiki ya kwanza. Jibu lilimfika fundi kwenye meno likasimama hapo. Nani atamwamini mzee asiye na kizibao? Alipojitazama aliona mikono yake imeinuka usawa wa tumbo na inasukuma hewa, sambamba na ile ya kwenye runinga. Akaitia haraka mfukoni, asije mtu akaifananisha.

Simu ilitetemeka humo mfukoni, chini ya vidole vyake. Hakuitoa. Alijua ni mkewe, na alijua anauliza nini.

"Mzee, samahani," mtu alimgusa bega kutoka nyuma. "Sogea kidogo. Unatuziba, hatuioni mikono."

Akasogea. Mtu yule akaingia palepale alipokuwa amesimama, akanyoosha shingo, akaanza kutazama.