Bao la Kuotea

Upepo wa Makambako haukumsumbua Hulda. Alikulia Matamba, ambako baridi huingia mpaka kwenye meno. Ilikuwa misimu kadhaa sasa akishika kibendera pembeni mwa viwanja vya ligi, mwanamke pekee kati ya waamuzi wa mkoa mzima. Kilichomuudhi siku ile ni jukwaa. Kila alipopita, watu wazima wenye familia zao walimpigia kelele arudi nyumbani akapike.

Ilikuwa mechi ya kuamua nani apande daraja. Wenyeji, Nyuki ya Makambako, walihitaji ushindi. Chuma, timu iliyotoka Ludewa, iliridhika hata na sare. Kipindi cha kwanza Chuma walitikisa wavu, benchi lao zima likaingia uwanjani kushangilia, lakini Hulda alikuwa amenyoosha kibendera. Mfungaji ameotea. Ezekieli, mwamuzi wa kati, hakusita. Alipuliza filimbi, bao likakataliwa, na uwanja ukalipuka. Hata wale waliokuwa wakimtuma jikoni walimpigia makofi.

Mechi ikaelekea ukingoni bado bila bila. Ndipo ikapigwa pasi ndefu kuelekea goli la Chuma. Ussi, mshambuliaji wa Nyuki, kijana wa familia ya wasafirishaji pale mjini, alikuwa peke yake na golikipa, mabeki wote wako nyuma yake. Mpira ulipomfikia, kibendera cha Hulda kilikuwa juu. Ussi mwenyewe alikiona, akapunguza mwendo. Kwa kuwa filimbi haikulia, akausukuma tu mpira wavuni, kama mtu anayefunga mlango.

Ezekieli alikitazama kibendera. Akalitazama jukwaa, ambako watu walikuwa wameanza kuruka uzio. Kisha akanyoosha mkono kuelekea katikati ya uwanja. Bao.

Hulda hakushusha kibendera. Alikishikilia hewani mpaka Ezekieli akamfuata.

"Shusha, dada."

"Ameotea, kaka. Umeniona."

"Umechelewa kunyoosha."

"Sijachelewa. Njoo usimame hapa niliposimama uone."

"Nimeshaamua. Unataka watuue?"

Hapo Hulda akaelewa kwamba Ezekieli ameona vizuri kabisa.

Jioni ile ile picha za video zilisambaa kwenye simu za watu, na kila mwenye macho aliona Ussi alivyokuwa ameshawapita mabeki wote kabla pasi haijapigwa. Chuma wakalalamika. Kamati ikaitishwa Njombe, chini ya mwenyekiti Mzee Aloyce, mwamuzi mstaafu, ambaye ndiye aliyemfundisha Hulda sheria za mpira tangu akiwa msichana. Kwa hiyo Hulda aliingia chumbani mle bila hofu. Alijua kwamba Mzee Aloyce hapindishi.

Video ikaonyeshwa, ikarudiwa. Hakuna aliyebisha. Mzee Aloyce akakohoa.

"Uamuzi wa mwamuzi wa kati ndio wa mwisho," alisema. "Matokeo yanabaki. Ezekieli tunampa onyo. Wewe mwanangu Hulda, utapumzika msimu mmoja. Ulibaki na kibendera juu mwenzako ameshaamua, ukachochea mashabiki. Ukirudi tutakupangia mechi za wanawake. Huku kwa wanaume kuna kasi, na macho yenu hayajaizoea."

Hulda akasimama.

"Mzee, naomba kuuliza. Kipindi cha kwanza nilipowakatalia Chuma bao lao, macho yangu yalikuwa ya nani?"

Akageuka kumtazama Ezekieli, aliyekaa pembeni.

"Kaka Ezekieli hakuniuliza kitu siku ile. Hakusema nimechelewa. Nikiwapa wenyeji faida mimi ni mwamuzi, nikiwanyima mimi ni mwanamke. Ndivyo?"

Ezekieli aliinamia viatu vyake.

Mlango ukagongwa, akaingia Ussi. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amepanda basi kutoka Makambako bila kuaga viongozi wake.

"Shikamooni wazee. Mimi ndiye niliyefunga. Niliotea, na ninajua niliotea. Dada alinyoosha mapema, mimi mwenyewe nikaacha kukimbia. Msimwadhibu kwa ajili yangu."

"Kijana," Mzee Aloyce alimkatiza, "hujaitwa hapa. Toka nje."

Ussi akatoka. Baada ya wiki moja Nyuki wakatangaza kwamba hayumo kwenye mipango yao ya msimu ujao. Bao lake lililowapandisha daraja walilichukua, mwenyewe wakamwacha.

Kikao kilipovunjika, Mzee Aloyce alimvuta Hulda pembeni. Sauti yake ilikuwa ya upole, ile ya zamani ya uwanjani.

"Mwanangu, omba radhi yaishe. Nitakupunguzia adhabu."

"Niombe radhi kwa kuona?"

"Dunia ndivyo ilivyo."

"Hapana, baba. Mwamuzi aliogopa mashabiki, na wewe ukaogopa viongozi wa Nyuki. Dunia msiisingizie."

Aliondoka bila kumpa mkono, jambo ambalo alikuwa hajawahi kumfanyia mzee yeyote maishani mwake. Njiani alilia kwa hasira. Nyumbani mumewe, Odilo, akamshauri aachane na mpira, wana shamba la viazi la kutosha. Hulda alimjibu kwamba viazi havina kosa lolote, lakini hatoki uwanjani kwa uongo wa mtu mwingine.

Alikata rufaa ngazi ya juu. Mpaka leo hajajibiwa. Nyuki wamepanda daraja, na Ezekieli bado anapuliza filimbi kila mwisho wa wiki. Ila ukipita uwanjani Njombe asubuhi, majani yakiwa bado meupe kwa sakitu, utamkuta Hulda anakimbia pembeni mwa mstari, kwenda na kurudi, uso kaukunja. Hataki siku atakayorudi wapate kusema kwamba kweli amechelewa.